MUTU ALIYEONA MIFUPA: MAISHA YA WILHELM CONRAD RÖNTGEN (1845–1923)



Katika gazeti letu hili tunapenda kuleta maisha ya mutu aliyefanya kazi kubwa duniani, ili sisi tulio bado kwenye benchi tupate kujifunza kwake. Mara hii tumechagua mutu ambaye wengi wetu wamekwisha kukutana na kazi yake, hata kama jina lake ni nguvu kulitamka. Yeyote kati yenu aliyevunjika mukono kwenye mupira, ao aliyekohoa sana hata wakamupeleka hospitali, amekwisha kupita mbele ya mashine yake. Huku kwetu tunasemaka kama mutu amepigwa radio. Mwenye kuvumbua ile radio ndiye Bwana Röntgen.

1. Sababu ya kumuchagua

Wakati wa mvua uliopita, tate yetu, mama wa baba, aliteleza mbele ya mulango wa jikoni. Hakuanguka toka juu ya muti, hakugongwa na motokari. Aliteleza tu na sufuria ya maji mukononi, akaketi chini kwa nguvu. Lakini hakuweza kusimama tena. Wababa wakamubeba kwa kipoyi hadi hospitali.

Alipokuwa kule, maneno yakaanza nyumbani. Watu wakasema mutu hawezi kuvunjika kwa kuteleza kidogo vile; lazima kuko mukono wa mutu ndani. Wakakumbuka kama mama jirani, mujane asiye na mutoto, alipita asubuhi ile kuomba chumvi. Siku mbili nzima hakuna aliyemusalimia yule mama. Vijana wa kijiji wakaanza kusema juu ya nyumba yake mambo ambayo hatutaki kuyaandika hapa.

Siku ya tatu munganga alituita, baba, baba mudogo na sisi. Akaweka picha ya radio mbele ya taa. Akatuonyesha mufupa wa paja, pale unapoingia katika nyonga: umekatika. Kisha akatuonyesha kitu kingine. Mahali ambapo mufupa ulipaswa kuwa mweupe, wa tate ulikuwa hafifu, karibu sawa na nyama inayouzunguka. Akatueleza kama ni ugonjwa unaoitwa ostioporozi. Unapunguza mufupa polepole kwa miaka mingi bila maumivu, hata siku moja kuteleza kidogo kunatosha. Baba alinyamaza. Jioni ile alienda kwa mama jirani na chumvi mukononi, akaketi kwake hadi usiku.

Toka siku ile tulitaka kujua nani aliyewapa waganga macho ya kuona ndani ya mutu bila kisu. Bwana Mwalimu wa fiziki alitusaidia kupata habari, na haya ndiyo tuliyoyapata.

2. Utoto wake

Wilhelm Conrad Röntgen alizaliwa tarehe 27 mwezi wa tatu mwaka 1845 katika muji mudogo wa Lennep, inchi ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mwenye kutengeneza na kuuza vitambaa. Jamaa la mama yake lilitoka Lennep lakini lilikuwa limehamia Amsterdam, Uholanzi. Wilhelm alikuwa mutoto wao wa pekee. Alipokuwa na miaka mitatu, mwaka 1848, wazazi walihamia Uholanzi katika muji wa Apeldoorn, na ni kule alikokomaa.

Shuleni hakuwa mutoto wa kushangaza watu. Aliwapita wengine katika mambo mawili tu. La kwanza, alipenda kutembea porini na kwenye misitu na kutazama vitu vya asili. La pili, alikuwa na mikono: alijua kutengeneza vyombo na mashine ndogo ndogo. Tunaandika hili kwa ajili ya ndugu wanaokata tamaa wakati wa kupewa buletini. Mutu aliyepewa prize ya kwanza ya Nobel katika fiziki hakuwa wa kwanza darasani.

3. Namna alivyofukuzwa masomo

Mwaka 1862 aliingia shule ya ufundi katika muji wa Utrecht. Kule alipata matata. Siku moja mwanafunzi mumoja alichora sura ya mwalimu kwa kumucheka. Mwalimu alikasirika. Röntgen hakuwa aliyechora. Inasimuliwa kama walimuuliza jina la mwenye kuchora, naye akakataa kulitoa. Basi wakamufukuza yeye.

Ndugu, kufukuzwa kule hakukuwa jambo la wiki moja. Kulimukosesha diploma ya shule ya kati, na bila diploma ile milango ya universite za Uholanzi na za Ujerumani ilikuwa imefungwa. Alikwenda kusikiliza masomo kwenye universite ya Utrecht, lakini pasipo kuandikwa sawa mwanafunzi wa kweli. Hebu wazeni: kijana wa miaka karibu 20, anaketi kati ya wenzake, anasikia yote wanayosikia, lakini jina lake haliko kwenye karatasi.

Hapa tunataka kusimama kidogo, kwa sababu habari hii ilitugusa. Sisi tunaoandika haya ndio kapita wenu. Mwajua daftari letu la majina, na wengi wenu hamulipendi. Katika muhula wa pili muchoro wa kumucheka mwalimu mumoja ulionekana ubaoni. Tulimuona mwanafunzi mumoja anacheka kuliko wengine, tukaandika jina lake. Alikata majani siku tatu. Hakusema neno. Baadaye aliyechora alikuja kwetu mwenyewe, lakini majani yalikuwa yamekwisha kukatwa, na sisi tukanyamaza kwa sababu ya haya. Leo tunamuomba yule ndugu musamaha mbele ya wote. Hatusemi kama kuficha makosa ni kuzuri. Aliyechora kule Utrecht alipaswa kusimama mwenyewe, asiache mwenzake kuchukua muzigo wake. Lakini sisi wenye kushika kalamu tujue: jina linaandikwa kwa dakika moja, na mutu anaweza kulilipa kwa miaka mingi.

4. Mulango mwingine ukafunguka

Röntgen alisikia kama kule Zurich, inchi ya Uswisi, kuko shule kubwa ya ufundi inayoweza kupokea mwanafunzi asiye na diploma ile. Mwaka 1865 alikwenda, akapokelewa. Alisoma ufundi wa mashine. Mwaka 1868 alipata diploma ya enjinia, na mwaka 1869 akawa dokta wa universite ya Zurich. Mwalimu wake August Kundt aliona kama kijana huyu ana mikono na uvumilivu wa kupima vitu, akamuvuta upande wa fiziki na kumufanya musaidizi wake.

Zurich ilimupa pia bibi. Karibu na masomo kulikuwa nyumba ya kula na kunywa ambamo wanafunzi walikuwa wakikusanyika. Mwenye nyumba alikuwa na binti, Anna Bertha Ludwig, aliyemupita Röntgen kwa miaka sita. Walioana mwaka 1872. Hawakupata mutoto. Mwaka 1887 walimuchukua binti wa ndugu ya Bertha, mwenye miaka 6, wakamulea sawa mutoto wao. Wale kati yetu waliolelewa na baba wakubwa na mama wadogo wataelewa jambo hili bila kuelezwa.

Mwaka 1870 Röntgen alimufuata Kundt kwenye universite ya Würzburg, Ujerumani. Alitaka kuwa mwalimu kule. Wakakataa, kwa sababu hakuwa na diploma ya shule ya kati. Ile habari ya muchoro wa Utrecht ilimufuata mpaka pale! Akaenda na Kundt Strasbourg, na huko mwaka 1874 wakamukubalia kufundisha. Mwaka 1875 alikuwa profesa katika shule ya kilimo ya Hohenheim, 1876 alirudi Strasbourg, na 1879 alipewa kazi katika universite ya Giessen.

Mwaka 1888 barua moja ilimufikia. Ilitoka Würzburg. Wale waliomukataa sasa walimuomba aje kuongoza kazi yote ya fiziki. Angeweza kukataa kwa kulipa kisasi. Alikubali. Na mwaka 1894 wakamuchagua kuwa rektere wa universite nzima.

5. Ile Ijumaa mangaribi

Siku zile wenye elimu ya fiziki wengi walikuwa wakichunguza kitu kimoja: chupa ya kioo ambamo karibu hewa yote imeondolewa, halafu wanapitisha ndani yake umeme wa nguvu. Chupa inawaka mwangaza wa ajabu. Inasimuliwa kama mumoja wao aliona plake zake za foto zilizowekwa karibu na chupa zinaharibika, akawanungunikia wenye kuziuza, wala hakutafuta zaidi.

Tarehe 8 mwezi wa kumi na moja 1895, siku ya Ijumaa, Röntgen alikuwa peke yake katika laboratwari yake ya Würzburg. Alikuwa amefunika chupa na kartoni nyeusi vizuri sana, hata mwangaza mudogo usitoke. Akazima taa ya chumba ili ahakikishe. Kumbe, mbali kidogo na chupa, kitu kinawaka. Kilikuwa karatasi iliyopakwa dawa ya barium platinosianide, dawa inayong'aa inapopigwa na mionzi. Akakata umeme: karatasi ikazimika. Akarudisha umeme: karatasi ikawaka. Akaisogeza mbali zaidi: bado inawaka. Basi kulikuwa kitu kilichotoka ndani ya chupa, kikapita katika kartoni, kikavuka chumba, na macho ya mutu hayakioni.

Hakukimbia kutangaza. Kwa wiki karibu saba alijifungia mulemule, na alikula na kulala kule. Aliweka kati ya chupa na karatasi kila kitu alichopata: mbao, kitabu cha kurasa karibu elfu moja, bati za madini mbalimbali. Mionzi ilipita katika kitabu sawa hakuna kitu. Alumini ya milimita 15 iliipunguza nguvu lakini haikuizuia kabisa. Risasi ile nzito, ya milimita moja na nusu tu, iliizuia karibu yote. Akaona kama kitu kikiwa kizito zaidi ndani yake, mionzi inazuiwa zaidi. Tena aliposhika kitu mbele ya karatasi, aliona kivuli cha mukono wake mwenyewe, na ndani ya kivuli cha nyama, kivuli cheusi zaidi cha mifupa.

Kwa sababu hakujua mionzi hii ni nini, aliiita X, sawa vile sisi katika aljebra tunaita kitu tusichokijua.

6. Mukono wa bibi yake

Tarehe 22 mwezi wa kumi na mbili 1895 alimuita Bertha laboratwari. Akamuomba aweke mukono juu ya plake ya foto, asiutikise. Alimuacha vile karibu robo ya saa. Plake ilipooshwa, ilionyesha mifupa ya vidole, moja moja, na pete ya ndoa imezunguka mufupa, hakuna nyama. Inasimuliwa kama Bertha alishikwa na woga, sawa mutu aliyeonyeshwa kifo chake mbele ya wakati. Sisi tunaosoma habari ya nabii Ezekieli katika bonde la mifupa mikavu hatuwezi kumucheka.

Tarehe 28 ya mwezi ule alitoa maandiko yake ya kwanza kwa chama cha wenye elimu wa Würzburg. Tarehe ya kwanza ya mwaka 1896 aliyatuma kwa wenzake pamoja na picha, na siku chache nyuma gazeti la Vienna lilitangaza habari. Toka hapo ilikuwa moto wa nyika. Tarehe 13 mwezi wa kwanza alionyesha mionzi mbele ya Kaisari kule Berlin. Tarehe 23 alisema mbele ya watu wa Würzburg, akapiga picha ya mukono wa muzee Albert von Kölliker, mwalimu mukubwa wa habari za mwili. Muzee yule akaomba mionzi iitwe kwa jina la Röntgen, na watu wakapiga makofi. Wajerumani wanaiita vile mpaka leo. Katika mwezi wa pili 1896, waganga wa Dartmouth, Marekani, walikwisha kupiga picha ya mukono uliovunjika wa kijana mumoja. Hesabuni: kati ya ile Ijumaa na mukono wa kijana yule haikufika miezi mitatu.

7. Feza na heshima

Watu walimushauri aende serikalini kuandikisha uvumbuzi kuwa mali yake, ili kila mwenye kutumia mionzi amulipe. Angekuwa tajiri kupita kiasi. Alikataa. Kwake uvumbuzi ulikuwa wa watu wote, na kila hospitali ingeweza kuutumia bila kumuomba ruhusa. Walitaka pia kumutia katika hesabu ya watu wakubwa wenye jina la kifalme, akakataa hilo vilevile.

Mwaka 1901, prize ya Nobel ilipotolewa mara ya kwanza, prize ya fiziki ilikuwa yake. Alikwenda Stockholm kuipokea. Feza aliiachia universite ya Würzburg, ile ile iliyomufungia mulango alipokuwa kijana. Juu ya mionzi X aliandika maandiko matatu tu, 1895, 1896 na 1897, lakini yalikuwa yamechunguzwa vizuri.

8. Miaka ya mwisho

Toka mwaka 1900 alifundisha Munich. Alikuwa mutu wa haya, asiyependa kusema mbele ya wengi. Alipenda milima kuliko karamu. Tusimufanye malaika. Mwaka 1914, vita ya kwanza ya dunia ilipoanza, jina lake lilikuwa kati ya wenye elimu 93 wa Ujerumani waliotia sahihi barua ya kutetea vita ya inchi yao. Inasemekana alijuta baadaye. Hata mutu aliyepima kila kitu kwa wiki saba mbele ya kusema, siku moja alitia sahihi mbele ya kupima.

Mwaka 1919 Bertha alikufa nyuma ya ugonjwa murefu. Kisha vita thamani ya feza ya Ujerumani ikaanguka vibaya, na akiba ya muzee ikawa karatasi tupu. Alikufa Munich tarehe 10 mwezi wa pili 1923 kwa kansa ya matumbo, akazikwa Giessen karibu na wazazi na bibi yake. Aliacha agizo kama barua zake na maandiko yake ya kazi yachomwe moto, na wakafanya vile. Mwaka 2004 wenye elimu ya kemia walikipa kitu cha namba 111 jina la roentgenium kwa kumukumbuka.

9. Kazi yake inaendelea: kupima mifupa

Turudi kwa mifupa ya tate. Juu ya nini mufupa unaonekana mweupe kwenye radio? Ndani yake kuko kalsiamu, na kalsiamu inazuia mionzi kuliko nyama. Ni lile lile Röntgen aliloliona kwa alumini na risasi. Mufupa ukipoteza kalsiamu, mionzi inapita zaidi, na picha inafifia.

Lakini kuko shida. Jicho la munganga linachelewa. Radio ya kawaida haionyeshi wazi upungufu mpaka mufupa upoteze karibu 30 hadi 40 kwa mia. Pale ugonjwa umekwisha kukaa siku nyingi. Ndiyo maana watu walitafuta namna ya kupima kwa hesabu, siyo kwa kutazama tu. Mwaka 1963, John Cameron na James Sorenson wa universite ya Wisconsin, Marekani, walionyesha njia ya kupitisha mionzi myembamba katika mufupa wa mukono na kuhesabu kiasi gani kinatoka upande wa pili. Kinachokosekana ndicho mufupa umekizuia.

Njia ile ilitengenezwa zaidi, na karibu mwaka 1987 mashine mupya ilianza kutumika. Hii inatuma mionzi X ya nguvu mbili, moja ndogo na moja kubwa. Nyama na mufupa vinazuia nguvu hizi mbili kwa namna tofauti. Basi mashine inafanya hesabu ya kutoa, sawa tunavyotatua mifumo ya hesabu yenye vitu viwili visivyojulikana: inaondoa nyama, inabaki na mufupa peke yake. Kupima huku kunaitwa densitometri. Mugonjwa analala juu ya meza, mukono wa mashine unapita juu yake dakika chache, hakuna sindano, hakuna maumivu. Wanapima hasa mifupa ya mugongo wa chini na nyonga, kwani ni pale kuvunjika kunaleta hatari kubwa. Mionzi inayotumika ni kidogo sana.

Halafu wanalinganisha mufupa wa mugonjwa na wa kijana mwenye afya. Shirika la Afya Duniani lilitoa kipimo mwaka 1994. Kutoka -1 kwenda juu, mufupa ni muzuri. Kati ya -1 na -2,5, mufupa umeanza kupungua. Ikifika -2,5 ao chini yake, ni ostioporozi. Hapo munganga anaweza kutoa dawa mbele ya mufupa kuvunjika, siyo nyuma.

Mashine hizi ni za bei kali, na hospitali nyingi za vijiji vyetu hazina. Kwa hiyo kwa wengi wetu kipimo cha kwanza kinabaki kuvunjika kwenyewe. Lakini hata bila mashine kuko alama: muzee anayepungua urefu, mugongo unaopinda, kiwiko cha mukono kinachovunjika kwa kujishika chini. Mugongo uliopinda siyo alama ya uchawi. Mara nyingi ni mifupa ya mugongo iliyobonyea.

Tena tusisahau kama mionzi ina hatari yake. Waliotangulia hawakujua. Clarence Dally, musaidizi wa Edison kule Marekani, aliiweka mikono yake mbele ya mionzi siku nyingi. Ilimubidi kukatwa mikono, na mwaka 1904 akafa. Ndiyo sababu mwenye kupiga radio anajificha nyuma ya ukuta na kuvaa nguo ya risasi. Hajidai, anakumbuka.

10. Mafundisho kwetu

La kwanza ni la mwili. Mufupa siyo jiwe. Ni kitu kizima, kinabomolewa na kujengwa kila siku. Mpaka karibu miaka 30 tunajenga kuliko tunavyobomoa. Nyuma ya pale tunatumia akiba. Kwa wamama akiba inapungua mbio wanapoacha kuona mwezi. Basi akiba inawekwa sasa, katika miaka hii ya masomo. Wale wanaotupa vichwa vya ndagala na sambaza kwenye sahani wanatupa mifupa yao ya uzee. Kuleni samaki ndogo na mifupa yake, lengalenga, sombe, maziwa kwa wanaoyapata. Kazi ya kuchota maji na michezo ya jioni inaimarisha mufupa, na jua linasaidia mwili kupokea kalsiamu. Tumbako na pombe vinaharibu. Sheria za shule yetu zinakataza hivi viwili, na sasa mwaona kama si juu ya kuwasumbua.

La pili ni la akili. Wengi waliona mwangaza wa chupa. Mumoja alizima taa, akauliza, akapima wiki saba mbele ya kufungua kinywa. Jamaa letu halikupima hata dakika saba mbele ya kumuhukumu mujane. Kama ile picha haingekuwako, hatujui mambo yangefika wapi. Ndugu, mukirudi nyumbani wakati wa likizo na mukasikia wazee wakitafuta mwenye kuloga, musinyamaze kwa sababu ninyi ni watoto. Semeni kwa heshima yale muliyosoma.

La tatu ni la moyo. Alifukuzwa kwa kosa la mwingine, lakini alipopata feza na jina hakulipa ubaya kwa ubaya. Alipewa bure uwezo wa kuona, naye akautoa bure.

Tate yetu leo anatembea na fimbo. Jioni anaota moto kwa mama jirani, na chumvi sasa inatumwa pande zote mbili.

Mungu awabariki, na awasaidie wenzetu wa darasa la sita katika mutihani wa Serikali.

Ni sisi kapita wenu, darasa la sita.